UZI: Mtoto akiuliza rangi, na nyumbani kuna mama wawili (wa Arusha na Moshi tukutane hapa)

ChaiYaJioni (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa walezi wa watoto wa miaka 3 hadi 14, hapa Chuga na kule Moshi, ambao nyumba zao hazifanani na ya jirani: mama wawili, baba wawili, au mzazi mmoja anayependa watu wa jinsia yake. Tena mtoto ana rangi tofauti na ya mzazi mmoja, au tofauti na ya wote wawili.

Nyuzi za kulea watoto wa rangi mchanganyiko zimejaa tele. Karibu zote zinachukulia kwamba mzazi anaweza kwenda shuleni, akakaa mbele ya mwalimu mkuu na kudai haki ya mwanawe bila kuhofia lolote. Mzazi tunayemzungumzia hapa hupiga hesabu kwanza. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 154, inataja kifungo kisichopungua miaka 30, na kinaweza kufika maisha. Kinahusu tendo la ngono "kinyume na maumbile", hakihusu kulea mtoto, lakini mtaani nani anasoma kifungu neno kwa neno? Uvumi unatosha kukuhamisha nyumba.

Masharti: usitaje mtaa, shule, jina la mtoto wala kazi ya mtu. Visa vya nyumbani kwako viache huko huko, lete mbinu. Tuanze na hili: mtoto aambiwe nini, akiwa na umri gani, kwa maneno gani?

---

MwlWaAwali

Umri kwanza, maana wengi wanachelewa wakidhani mtoto mdogo haoni.

Mtoto mchanga wa siku chache haonyeshi kupendelea sura ya rangi yoyote. Akifika miezi 3 tayari anatazama kwa muda mrefu zaidi sura zenye rangi anayoiona kila siku. Ni mazoea ya macho tu, hana kosa. Shida inaanza kati ya miaka 3 na 5, anapoanza kujumlisha. Kaa kando ya barabara ya kwenda Makuyuni asubuhi uhesabu Landcruiser za utalii: anayeendesha mweusi, waliotoa vichwa juu wakipiga picha weupe. Mtoto anaona hivyo mara mia. Hakuna aliyemwambia kitu, kajumlisha mwenyewe.

Kenneth na Mamie Clark, wanasaikolojia Weusi wa Marekani, walifanya jaribio lao maarufu kwa wanasesere waliofanana kila kitu isipokuwa rangi. Watoto wengi, wakiwemo Weusi, walimwonyesha mweupe walipoulizwa yupi ni mzuri. Kazi hiyo ilitumika katika kesi iliyoifanya Mahakama Kuu ya Marekani kukataza shule za serikali kutenga watoto kwa rangi, mwaka 1954. Sasa nenda duka lolote la vifaa vya watoto hapa mjini uangalie rafu ya wanasesere.

Miaka 3 hadi 5, sentensi zisizidi tatu kwa wakati mmoja. Mfano: "Ndani ya ngozi kuna kitu kinaitwa melanini. Wewe unayo nyingi, yeye anayo kidogo. Inakinga ngozi isiunguzwe na jua." Basi. Akiuliza zaidi, ongeza kwamba vile viwanda vidogo vinavyotengeneza melanini sisi sote tunavyo karibu idadi ileile, tofauti ni kiasi kinachotengenezwa. Na mwenye ualbino mwili wake hautengenezi ya kutosha, ndiyo maana anavaa kofia pana. Hapo hapo ondoa neno "zeruzeru" nyumbani kwenu.

Zoezi linalofanya kazi kuliko maneno ni kuchanganya rangi. Nunua rangi za maji za chupa: kahawia, nyeupe, njano, nyekundu, bluu. Kila mtu wa nyumbani achanganye ya kwake, aipake kidogo kwenye mgongo wa mkono hadi ipotee isionekane. Kwa ngozi ya kahawia ya kati anza na kijiko kimoja cha kahawia, nusu kijiko cha njano, tone la nyekundu. Makosa mawili ya kila siku: kuanza na nyeupe (utaongeza kahawia mpaka ujaze ndoo na bado haijafika), na kutia nyeusi ili kukoleza. Nyeusi inaua rangi, inatoka kijivu kama majivu ya jiko, na mtoto anasema "mimi nimekuwa mchafu". Neno hilo ndilo tunalolikimbia. Kukoleza tumia bluu kidogo ndani ya kahawia, inakuwa nyeusi yenye joto.

Kisha kila mtu aipe rangi yake jina la kitu cha hapa: uji wa ulezi, karanga zilizokaangwa, kahawa ya Kibosho, udongo wa Ngaramtoni baada ya mvua. Na kalamu ile inayoitwa "rangi ya ngozi" mwulize: ngozi ya nani?

---

Bibi_Koko

Mwalimu umesema vizuri, ila mmeruka lililo gumu.

Kiswahili kimetupa stara kubwa sana. Mtoto wa hapa kuwa na mama watatu si ajabu: mama, mama mkubwa, mama mdogo, na jirani naye mama. Wanawake wawili wakilea mtoto mmoja, mtaa unajijibu wenyewe: huyo ni mamdogo wake. Hakuna aliyedanganya, hakuna aliyeulizwa. Stara hiyo inashika kama wote wana rangi moja.

Ikiwa mmoja ni Mzungu, au Mhindi, au mtoto ndiye mwenye rangi yake peke yake, stara inapasuka. "Mamdogo kivipi na ni Mzungu?" Swali linaingia kwa mlango wa rangi, linatokea kwa mlango wa chumba cha kulala. Wazazi wanaingia hofu, na mtoto anaiona usoni kabla hawajafungua mdomo. Naye hajui hofu ile ni ya nini. Anachojua ni kwamba kila mtu akitaja rangi yake, mama anabadilika.

Kwa hiyo anahitimisha kwamba rangi yake ndiyo inayoleta balaa nyumbani. Hapo hata mchanganye ndoo tatu za rangi, haisaidii.

---

ChaiYaJioni

Shikamoo Bibi. Hapo ndipo hasa. Basi mzazi afanye nini pale pale sokoni?

---

Bibi_Koko

Marahaba mwanangu.

Jibu swali la rangi kama swali la rangi, ulimalize hapo. Usiliruke. Mama muuza nyanya pale Kilombero akisema "Huyu mbona mweupe hivi, baba yake Mzungu?", usimvute mtoto mkono mkaondoka. Ukiondoka umemfundisha aibu. Sema kwa sauti ileile uliyoombea punguzo la nyanya: "Kila mtu na rangi yake, mama. Hizi za mia tano zimekaaje?" Umejibu, umerudi kwenye biashara. Mwuzaji naye anataka kuuza.

Mkiwa wawili na mwenzako wa rangi nyingine: "Sisi ni familia." Neno familia kwa Kiswahili ni pana, linabeba shangazi, rafiki, hata dada wa kazi. Kweli yote imo ndani na hakuna kilichotolewa nje.

Mfanye mtoto alizoee jibu hilo nyumbani mara kumi au kumi na tano, kwa mchezo, kabla hajalihitaji. Mmoja awe mwuzaji mchokozi. Watoto wanapenda sana kuwa mwuzaji mchokozi.

Kosa: kumpa mtoto wa miaka 4 hadithi ndefu ya kusema ("mama huyu ni binti wa rafiki wa bibi aliyekwenda Ulaya"). Ataisahau katikati, ataibadilisha, na atajulikana ni mwongo darasani kwa kosa lisilo lake.

---

Kyasaka_wa_Majengo

Mimi nauliza kwa nia njema kabisa. Hapa Bongo kuna ubaguzi wa rangi kweli, au tunaagiza matatizo ya Marekani? Sisi shida yetu ni ukabila tu, na wenyewe wa utani.

---

Olmorijoi

Mkuu, jina lako lenyewe limejibu. "Kyasaka" umepewa na nani, na ulipopewa ulicheka?

Watoto wa mikoa hii miwili wanakulia kwenye maneno haya. Mchaga ana kyasaka kwa asiye Mchaga. Mmasai ana ormeek kwa Mswahili. Wadatoga wanaitwa Mang'ati, neno la Kimasai lenye maana ya adui, na watu wanaliandika kama jina la kabila. Ndorobo nalo ni la Kimasai, asili yake ni kumwita mtu maskini asiye na ng'ombe. Ukiwa na mtoto wa miaka 8, hili ni somo zuri kuliko yote: "Jina hili, wenyewe wanajiita hivyo au wameitwa?" Swali moja, linafaa kwa kabila, kwa rangi, na kwa majina wanayoitwa watu wa nyumba kama tunazozungumzia hapa. Mtoto akilizoea kwa Mang'ati, atalitumia mwenyewe kwa "chotara".

Na rangi ipo. Mtoto akizaliwa tu utasikia: "kazaliwa mweupe, mzuri!" Mkorogo unauzwa kwa nini kama rangi si kitu? Ile yenye zebaki inaharibu figo, na watu wanajua, na wanapaka. Mtoto mwenye mama Mzungu naye anapendelewa: anapewa kiti cha mbele, anapigwa picha, anaguswa nywele, anauziwa vitu bei mara mbili. Kupendelewa kwa rangi ni upande wa pili wa shilingi ileile, na mwambieni hivyo, maana akipendelewa miaka 10 hapa halafu akaenda kusoma Ujerumani, atakuta shilingi imegeuzwa.

---

Kyasaka_wa_Majengo

Umenikamata aisee. Aika mbe.

---

MzeeWaHoja

[Ujumbe huu umeondolewa na msimamizi. Uzi una mada yake. Anayetaka kujadili kama watu hawa wawepo au wasiwepo afungue wake.]

---

Mnasihi_Themi

Niongeze kwenye alilosema Bibi, maana kuna hatari ya pili.

Nyumba hizi humwambia mtoto: "Ya nyumbani yabaki nyumbani." Ni tahadhari inayoeleweka. Lakini mtoto wa miaka 6 hana droo mbili kichwani. Ukimwambia anyamaze kuhusu nyumbani, atanyamaza pia kuhusu alivyoitwa "nyani" kwenye foleni ya uji, kwa sababu tusi lile lilianza na "mama yako...". Atanyamaza hata akishikwa na mtu mzima sehemu asiyopaswa kushikwa. Mtu mbaya anatafuta mtoto aliyekwisha kuzoeshwa kutunza siri.

Kwa hiyo neno "siri" liondoke nyumbani. Tumia vikapu vitatu, vya kweli, vile vidogo vya ukindu, na vikaratasi vyenye michoro kwa asiyejua kusoma.

Kikapu cha kwanza ni mambo ya wote: timu unayoipenda, chakula, rangi ya ngozi yako, jina la paka. Rangi ya ngozi iingie humu, mbele ya macho yake, mkono wa mama ndio uiweke. Ndiyo maana ya zoezi zima.

Cha pili ni mambo ya familia: nani analala wapi, nani anapata mshahara kiasi gani, nani alikuwa mgonjwa, mama walikutana vipi. Kila nyumba ina kikapu hiki, hata ya mchungaji. Usimfanye aone kwamba nyumba yenu peke yake ndiyo yenye mfuniko. Wekeni humo mambo yasiyo na hatari yoyote pia, kama ada ya shule au ugomvi wa shamba la babu. Kikiwa na jambo moja tu ndani, si kikapu tena, ni siri.

Cha tatu hakina mfuniko: yanayosemwa hata kama umeambiwa usiseme. Kutukanwa. Kupigwa. Kuguswa. Kutishiwa. Kupewa zawadi na kuambiwa usimwonyeshe mama. Hapa mtoto ataje watu wazima wanne kwa majina, na wawili kati yao wasiwe wanaishi ndani ya nyumba. Wawe watu ambao nyinyi wazazi mnaamini watasikiliza la mtoto bila kulichokonoa la kwenu. Kama hampati wawili, hiyo ndiyo kazi yenu ya mwezi huu kabla ya kuendelea na vikapu.

Rudieni kila baada ya miezi mitatu, dakika kumi. Shika karatasi, uliza: "Hii inakwenda wapi?" Akikosea msimcheke.

---

Mtaa_kwa_Mtaa

Mnasihi, swali. Kwenye kikapu cha pili mtoto akiulizwa na mwalimu mbele ya darasa, "Mchoro wa familia yako, baba yuko wapi?", afanyeje? Zile kazi za "Familia Yangu" zipo kila muhula.

---

Mnasihi_Themi

Zinakuja mapema, mara nyingi miaka ya mwanzo shuleni, kwa hiyo jiandaeni kabla ya kumwandikisha. Achore watu anaoishi nao, na kila mmoja ampe jina analomwita kila siku. Hapa jina linafanya kazi kubwa. Mtoto akiwaita wote "mama" tu, mchoro utaulizwa. Akimwita mmoja mama na mwingine yeyo, kwa Arusha nzima hakuna atakayeinua kichwa, na yeyo kwa Kimasai maana yake ni mama. Mtoto hajasema uongo, na yeyo hajafanywa mpangaji.

Rangi apake ileile waliyochanganya nyumbani. Mwalimu akimwambia "futa, huyu mpake kahawia kama wewe", mtoto awe na sentensi yake: "Hii ndiyo rangi yake, tuliipima." Watoto wanapenda neno kupima. Linawapa nguvu ya fundi.

---

Bibi_Koko

Kwa "mamdogo" mimi siko mbali na Mnasihi, ila niseme tofauti. Kulitumia nje kama stara, sawa. Kulitumia ndani ya nyumba, hapana. Mtoto akisikia hata kitandani mzazi wake mmoja anaitwa mamdogo, na huyo huyo ndiye mwenye rangi tofauti, anajifunza kwamba rangi ile ndiyo iliyomshusha cheo.

---

WakiliWaPembeni

Niguse shule na makaratasi, kwa ufupi maana si somo tamu.

Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 5, inakataza kumbagua mtoto kwa rangi, kabila, jinsia, dini, ulemavu, kuzaliwa kwake na hali nyingine. Katiba ibara ya 13 nayo imetaja rangi na kabila. Kwa hiyo malalamiko ya rangi yana miguu yake yenyewe, hayahitaji kueleza nyumba yenu.

Siku mtoto anapotukanwa: jioni ile ile andika tarehe, mahali, maneno yenyewe jinsi yalivyotamkwa, na nani alikuwepo. Unapomwuliza, sema "ikawaje?" na "halafu?" tu. Ukiuliza "alikuita nyani?" umemtia neno mdomoni, na kesho mwalimu atalipata hilo tundu.

Aende mzazi ambaye jina lake liko kwenye cheti cha kuzaliwa cha RITA, au mlezi aliyetajwa kwenye fomu ya shule. Mwenzake asiye kwenye cheti aandikwe tangu siku ya kwanza kama mlezi na mtu wa kupigiwa simu. "Mlezi" ni neno la kisheria na ni kweli. "Shangazi" ni madai ya damu ambayo siku moja mtu atayachunguza.

Anza kwa mwalimu wa darasa, ana kwa ana, nje ya kipindi. Ombi liwe moja: neno hilo lisitamkwe tena darasani, na mwalimu aseme hivyo kwa darasa zima bila kumtaja mtoto wako. Tamka waziwazi kwamba hutaki mtoto aliyetukana achapwe. Watu husahau hili. Viboko vikitembea, yule aliyechapwa atamngoja mwanao kwenye njia ya kurudi, na safari hii hatatukana mbele ya mashahidi.

Wiki mbili zikipita bila mabadiliko, barua kwa mwalimu mkuu, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Barua iwe nusu ukurasa: maneno, tarehe, ombi. Muundo wa familia usiwemo hata kwa mkato. Baada ya hapo kuna ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri na simu ya bure ya watoto, 116, ambayo mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Kabla ya hatua hizi mbili za mwisho, wazazi mkae mjue mtajibu nini mkiulizwa mnaishi vipi. Ofisa wa ustawi anaweza kuja nyumbani.

---

Mtaa_kwa_Mtaa

Kuna la nywele halijaguswa. Mtoto mwenye nywele laini au zenye mikunjo mikubwa, kila mtu anamshika kichwa. Mfundishe kurudi nyuma hatua moja na kusema "Shikamoo" kwa mkubwa, "Usinishike" kwa mwenzake. Shikamoo inamlazimu mkubwa kuitikia, na mkono unashuka wenyewe.

Na kama mama Mzungu ndiye anayechana nywele za kipilipili: zilowe kwanza, ziwe na mafuta, gawa mafungu manne, anzia nchani kupanda juu kwenye mzizi, kitana cha meno mapana. Akianzia kwenye mzizi mtoto analia, kisha anasikia "nywele zako ngumu", basi Jumamosi mbili zinatosha kumfanya azichukie. Sema "kitana hiki hakifai", kosa liwe la kitana.

---

Olmorijoi

Twende kwa wakubwa, miaka 9 na kuendelea. Hapa watu wa kaskazini tumebarikiwa, mifano yote iko umbali wa nauli ya daladala, hatuhitaji kuanza na Marekani.

Ubaguzi kama wizi wa ardhi: Meru, 1951. Serikali ya Mwingereza iliwahamisha Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngare Nanyuki ili ardhi wapewe walowezi Wazungu. Nyumba zilichomwa. Kirilo Japhet alikwenda New York mwaka 1952 kusema mbele ya Umoja wa Mataifa, akisaidiwa na Earle Seaton, wakili Mweusi mzaliwa wa Bermuda aliyefanya kazi Moshi. Mtoto wa miaka 9 anaelewa hili bila shida: walichukuliwa shamba kwa sababu ya rangi, wakaenda kusema.

Ubaguzi kama sayansi ya uongo: Old Moshi. Mangi Meli alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900. Inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na familia imekitafuta kwa miongo mingi. Enzi hizo mafuvu yalisafirishwa kwa wingi ili kupima vichwa na kuwapanga binadamu kwa mafungu. Mkusanyo mmoja wa Berlin uliochunguzwa ulikuwa na mafuvu zaidi ya 1,100 kutoka Afrika Mashariki, 202 kati yake ya Tanzania. Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba vilipata ndugu walio hai wa baadhi yao, huku huku Kilimanjaro. Hii iwe miaka 11 au 12, na kwa mchana, si kabla ya kulala.

Ubaguzi kama neno linaloua: jengo la AICC (kituo cha mikutano ya kimataifa) hapa mjini Arusha, ilipokuwa mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda hadi 2015. Desemba 2003 watu watatu wa redio RTLM na gazeti Kangura walitiwa hatiani. Watu waliitwa inyenzi, mende, muda mrefu kabla ya mapanga. Miaka 13 hivi. Hapo unaunganisha na lile swali: wenyewe wanajiita hivyo?

---

MwlWaAwali

Mafuvu kwa miaka 11 mimi naona mapema. Watoto wangapi watalala na picha hiyo?

---

Olmorijoi

Kwa mtoto mwoga subiri, nakubali. Ila wa Moshi atalisikia kwa babu yeyote kule juu, na la babu halina breki.

---

Mnasihi_Themi

Kwa hawa wakubwa kuna swali litakuja lenyewe: "Ubaguzi wa rangi ni mbaya, mnasema. Na wanavyowafanyia nyinyi?" Msiseme ni kitu kilekile, si kweli. Rangi haifichiki, anatembea nayo hadi dukani. Nyumba hufichika, na kuficha kuna uchovu wake. Mwambieni tofauti hiyo kwa maneno hayo hayo.

Kisha mpeni watu waliobeba yote mawili. Bayard Rustin, Mmarekani Mweusi aliyependa wanaume, ndiye aliyepanga maandamano ya Washington ya tarehe 28 Agosti 1963; wenzake wengine walitaka awekwe nyuma kwa sababu hiyo. Simon Nkoli wa Afrika Kusini alishtakiwa kwa uhaini kwenye kesi ya Delmas kwa kupinga ubaguzi wa rangi, akaachiwa, na mwaka 1990 alikuwa kati ya walioandaa maandamano ya kwanza ya watu wa LGBTQ Johannesburg. Katiba ya nchi hiyo ya 1996 imekataza ubaguzi wa rangi na wa mwelekeo wa kimapenzi katika ibara moja. Kijana wa miaka 14 anatakiwa ajue kwamba hao walikuwa Waafrika na watu Weusi, kwa sababu atakachoambiwa shuleni ni kwamba nyumba yake ni kitu cha Wazungu, na kama mzazi wake mmoja ni Mzungu, hoja hiyo itamchoma mara mbili.

Tahadhari ya simu: mazungumzo haya yafanyike kwa mdomo. Yasiandikwe kwenye WhatsApp, yasirekodiwe, asitumiwe kiungo. Simu ya kijana inapita mikono sita kwa siku.

---

ChaiYaJioni

Swali la mwisho toka kwangu. Kati ya wazazi wawili, nani aanze? Mweusi ndiye anayejua, lakini anachoka.

---

Bibi_Koko

Aanze yule asiyebaguliwa kwa rangi. Mtoto akisikia habari za rangi kwa mama mweusi peke yake, ataona ni malalamiko ya mama mweusi. Mama Mzungu aseme kwa mdomo wake: "Mimi hapa napishwa foleni kwa sababu ya ngozi yangu, na si haki." Asiseme "mimi sioni rangi". Mtoto anaona rangi, kwa hiyo atajua kwamba mama ama haoni vizuri ama hasemi kweli.

Na waelewane kabla, wao wawili, mtoto akiwa amelala. Wakibishana mbele yake juu ya kama muuza nyanya alikuwa na nia mbaya au hakuwa nayo, mtoto anabaki na kesi mkononi.

---

Kyasaka_wa_Majengo

Mwalimu, turudi kwenye rangi. Nimechanganya kahawia kijiko kimoja na njano, nikatia bluu, imekuwa kijani kibichi kama mchicha. Nimekosea wapi?

---

MwlWaAwali

Umetia njano nyingi kabla ya bluu, mkuu. Bluu ikikutana na njano lazima iwe kijani. Anza na kahawia na nyekundu tu, kisha bluu kwa ncha ya njiti ya kiberiti, koroga, subiri ikauke kidogo mkononi maana ikikauka inabadilika kidogo. Njano ije mwisho. Hiyo ya kijani usimwage, watoto watachorea migomba.